Mti Mkubwa wa Uani Wakati wa Kiangazi: Jibu kwa Chama Kimoja cha Mabawe

Ndugu Makatibu na Ndugu Wanachama,

Katibu wa chama kimoja cha msingi katika Kata ya Mabawe, hapa wilayani Ngara, ameniletea swali ambalo nimeona si vyema kulijibu kwa barua ya mtu mmoja, kwa maana linavihusu vyama vyote vyenye ghala na ua. Mbele ya ghala lao upo mti mkubwa wa jamii ya mkuyu, ule ambao jirani zetu wa Burundi na Rwanda huuita umuvumu. Chini ya mti huo wanachama hupumzika wakisubiri zamu ya mizani, na mkutano mkuu hufanyika hapo kila mwaka kwa kuwa chama hakina ukumbi. Kiangazi cha mwaka jana mti huo ulipukutisha majani kuliko kawaida yake, na mvua za vuli ziliponyesha, ncha za matawi ya juu hazikuchipua. Kamati inapendekeza ukatwe kabla haujaangukia ghala, na tayari yupo mchoma mkaa aliyekwisha taja bei. Katibu anauliza: je, mti huo umekufa, au unaweza kutunzwa?

Swali ni jema, na limekuja kwa wakati, yaani kabla ya shoka. Nitalijibu hatua kwa hatua. Lakini huenda msomaji akajiuliza imekuwaje mkaguzi wa ushirika, ambaye kazi yake ni vitabu vya hesabu na kumbukumbu za mikutano, kuandika habari za miti. Sababu ninayo, na sharti niieleze kwanza.

KOSA LILILOTOKANA NA KALAMU YANGU

Mwaka 2015 nilikagua chama kimoja ambacho sitakitaja jina. Uani mwake palikuwa na mwembe mkubwa. Niliona malori yakikwama katika tope, na gunia za kahawa zikiwekwa mavumbini, nikaandika katika taarifa yangu kwamba ua usawazishwe kwa kifusi na kusakafiwa kwa saruji, na kwamba matawi yote yaliyoelekea paani yaondolewe. Kamati ilitekeleza maagizo yale kwa uaminifu. Ilikuwa mwezi wa Julai. Mwembe ukabakizwa shina na vigogo vitano, na saruji ikamwagwa mpaka kwenye gome lake.

Nilipopita mwaka uliofuata nilikuta umetoa machipukizi mengi membamba. Nikaandika kwamba maagizo yametekelezwa na mti unaendelea vizuri. Mwaka 2018 machipukizi yale yakaanza kukauka kuanzia nchani. Mwaka 2020 mchwa walionekana shinani. Mwaka 2021 kigogo kimoja kilianguka usiku kikavunja banda la mizani. Kwa bahati njema hakuna aliyeumia. Chama kililipia bati, mbao, fundi, na watu wa kuukata mti uliobaki, na hadi leo wanachama wake husubiri mizani juani. Gharama zile nilizikagua mwenyewe. Katika kitabu zimeandikwa kuwa ni matengenezo ya banda, wala hapana mahali palipoandikwa kwamba chanzo chake ni taarifa ya mkaguzi. Basi naliandika hapa.

Tangu hapo nimekuwa nikiwauliza mabwana misitu na kusoma nilichoweza kukipata. Ninayoyaeleza hapa chini ndiyo niliyopaswa kuyajua mwaka ule.

MTI UNAVYOISHI WAKATI WA UKAME

Jani la mti lina vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Kwa vitundu hivyo mti huvuta hewa unayoitumia kujitengenezea chakula kwa nguvu ya jua, na kwa vitundu hivyo hivyo hupoteza maji. Maji yanapopungua ardhini, mti hufunga vitundu ili usikauke. Hapo maji hubaki, lakini chakula hakitengenezwi. Ukame ukizidi, mti hupukutisha sehemu ya majani ili kupunguza matumizi.

Katika siku hizo mti huishi kwa akiba. Chakula kilichozidi wakati wa mvua huwekwa kama wanga ndani ya mizizi, shina na matawi. Kila mwanachama anaelewa jambo hili, kwani chama nacho huendeshwa hivyo. Chama chenye akiba hakifungi milango kwa hasara ya msimu mmoja. Hufungwa baada ya misimu mitatu au minne, akiba inapokwisha, na watu hushangaa wakidhani kimekufa ghafla. Mti mkubwa nao hufa polepole. Aghalabu madhara ya ukame, ya mizizi kukatwa au ya udongo kushindiliwa huonekana baada ya miaka miwili hadi mitano, na mara nyingine zaidi. Ndiyo maana nilipoona machipukizi ya mwembe mwaka 2016 nilidanganyika. Machipukizi yale hayakuwa dalili ya nguvu. Mti ulikuwa unatumia akiba yake ya mwisho kujitafutia majani mapya.

Kutokana na hayo tunapata kanuni mbili. Kwanza, usiupe mti adhabu mbili kwa wakati mmoja: ukame ni adhabu tosha, usiongeze panga. Pili, utunzaji wa mwaka huu utaonekana matunda yake baada ya miaka kadhaa, hivyo usikate tamaa upesi.

MIZIZI IKO WAPI?

Watu wengi hudhani kwamba mizizi ya mti ni mfano wa mti mwingine uliopinduliwa, ukizama chini kadiri mti unavyopanda juu. Sivyo ilivyo kwa miti mingi. Ipo mizizi michache inayozama sana, lakini mizizi myembamba inayonyonya maji na chakula kwa wingi hukaa juu juu, hasa katika sentimita 30 hadi 60 za kwanza za udongo. Nayo huenea mbali, ikivuka mahali ambapo kivuli cha matawi huishia, na mara nyingi hufika mara mbili ya umbali huo au zaidi.

Kwa hiyo ndoo ya maji inayomwagwa kwenye shina haiwafikii wanywaji. Shina la mti mkubwa ni kama mlango wa ghala, mali yenyewe iko ndani na pembeni. Tena, mizizi hupumua. Udongo mzuri una nafasi ndogo ndogo za hewa na maji. Lori la kahawa likisimama chini ya mti kila siku ya soko, nafasi hizo hushindiliwa, na maji ya mvua hutiririka juu yake badala ya kuzama. Saruji hufanya hivyo kwa ukamilifu. Hata kifusi cha kina cha sentimita 15 tu, kikimwagwa juu ya mizizi ya mti mzee, chaweza kuinyima hewa. Katika mambo matatu niliyoyaagiza mwaka 2015, hakuna hata moja lililokuwa dogo.

NGARA SI JANGWA, LAKINI TUNA CHA KUJIFUNZA KUTOKA NCHI KAVU

Wilaya yetu hupata mvua za kuridhisha, na kiangazi chetu kikali ni miezi ya Juni, Julai na Agosti. Hata hivyo miezi hiyo ndiyo miezi ya kahawa. Ndipo malori, baiskeli, pikipiki na miguu ya watu huwa mingi uani, na ndipo mafundi hupatikana kwa ajili ya kukata matawi. Hivyo mti hupata mzigo mkubwa kuliko yote katika majira ambayo hauna maji. Na mvua zikichelewa Septemba, mzigo huo hurefuka.

Kabla ya kuja Ngara nilifanya kazi miaka michache Dodoma. Huko wastani wa mvua ni kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, nazo hunyesha kati ya Desemba na Aprili, kisha ardhi hukaa kavu miezi saba au minane. Niliona katika makazi ya watu jinsi mti mmoja unavyostawi na jirani yake kufa katika mtaa ule ule. Aliyemwagia mti wake ndoo moja kila jioni alipata mti wenye mizizi iliyobaki juu kufuata unyevu mdogo, na maji ya visima vya huko, ambayo mahali pengine yana chumvi, yaliacha ukoko mweupe juu ya udongo. Kingo za majani zikaungua kama zilizopitishwa motoni. Jirani aliyemwagilia mara chache, kwa maji mengi, na katika eneo pana, alipata mizizi iliyozama, na chumvi ikasukumwa chini mbali na mizizi. Maji ya mwezi mzima yalikuwa karibu sawa, namna ya kuyatoa ndiyo iliyotofautiana.

Nchini Oman, ambako wapo watu wengi wasemao Kiswahili kwa asili ya Zanzibar na pwani yetu, mvua ni haba zaidi. Huko maji huletwa mashambani kwa mifereji ya kale iitwayo aflaj, na mitano kati ya hiyo iliingizwa mwaka 2006 katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Kila mkulima hupata zamu yake kwa muda uliopimwa, hapo kale kwa kivuli cha jua mchana na kwa nyota usiku. Mtende haumwagiwi kidogo kidogo. Hujengewa tuta kuuzunguka, beseni likajazwa wakati wa zamu, na maji yakaachwa yazame. Wanaushirika tunalo la kujifunza hapo mara mbili, namna ya kumwagilia na namna ya kugawana.

Wala tusidhani kwamba mti mkubwa waweza kurudishwa kwa kupanda mche. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda katika muda wa siku moja hivi, wakakimbilia wilayani kwetu na kupata hifadhi Benaco. Wakati huo nilikuwa kijana wa shule. Watu wale walihitaji kupika na kujenga, wala haikuwa dhambi yao, lakini waliokuwapo Ngara wanakumbuka jinsi vilima vya karibu na kambi vilivyobaki vitupu kwa muda mfupi. Mche huhitaji kuni moja kuukinga na mbuzi, na miaka 30 kuwa kivuli. Marehemu Wangari Maathai wa Kenya, aliyepata Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004 baada ya kuongoza upandaji wa mamilioni ya miche, alisimulia katika kitabu cha maisha yake habari za mti wa mugumo, nao ni wa jamii ya mkuyu, uliokuwa karibu na kwao utotoni. Mti ule ulipokatwa, kijito alichokuwa akichezea kilikauka. Aliyepanda miche mingi hivyo hakuacha kuukumbuka mti mmoja mkubwa.

PIMA KABLA YA KUKATA

Mti kukosa majani si ushahidi wa kifo. Mbuyu wa Dodoma husimama mtupu miezi mingi ukiwa hai. Mjakaranda hupukutisha majani kabla ya kuchanua. Kamati isipitishe azimio kabla ya kufanya vipimo vifuatavyo, navyo havihitaji mtaalamu:

1. Kwangua gome la kijiti kwa ukucha au kisu kidogo. Chini yake pakiwa na rangi ya kijani na unyevu, kijiti ki hai. Pakiwa hudhurungi na pakavu, kimekufa. Anza nchani, urudi nyuma kuelekea shina mpaka ufike penye uhai. Fanya hivyo katika matawi ya pande zote nne.

2. Linganisha ukubwa wa majani na yale ya mti wa aina hiyo hiyo ulio mahali pengine. Majani yanayopungua ukubwa mwaka hata mwaka ni dalili ya mizizi iliyo taabuni.

3. Gonga shina kwa nyundo ya mti kulizunguka. Palipo patupu hulia kama ngoma.

4. Tazama kwenye kitako cha mti. Uyoga unaoota hapo mara nyingi ni alama ya mizizi au shina linalooza ndani.

5. Tazama kama udongo umeinuka upande mmoja, au kama mti umeanza kulala hivi karibuni. Mti uliokua umeinama tangu ujana si hatari kama ule ulioinama mwaka huu.

Zikionekana dalili za 3, 4 na 5 kwa pamoja, na watu hukaa chini yake, msisite. Wekeni uzio, mwiteni bwana misitu, na mti ukatwe kwa utaratibu. Uhai wa mwanachama mmoja unazidi kivuli cha miaka mia. Lakini kama ni ncha tu zilizokauka, na ukikwangua unakuta kijani, huo ni mti wenye njaa na kiu, na haustahili hukumu ya kifo.

MAJI: KIASI GANI, WAPI, NA LINI

Hapa makatibu washike kalamu, kwani ni hesabu tupu.

Kwanza pima mzingo wa shina kwa kamba, kwenye kimo cha kifua. Gawa kwa 3.14 upate kipenyo. Kanuni nyepesi inayotumika ni lita 15 hivi kwa kila sentimita ya kipenyo, kwa umwagiliaji mmoja. Tuseme mzingo ni sentimita 190. Kipenyo ni kama sentimita 60, na maji yanayohitajiwa ni lita 900, yaani madumu 45 ya lita 20. Katika kiangazi kikali mti mkubwa hauhitaji zaidi ya mara moja kila wiki tatu au nne.

Madumu 45 ni mengi kwa mlinzi mmoja wa ghala, lakini si mengi kwa chama. Wanachama 45 wakija siku ya mizani, kila mmoja na dumu moja, kazi imekwisha kabla ya saa tatu asubuhi. Mahali ambapo maji ya kunywa yenyewe ni ya kugombewa, tumieni maji yaliyofulia nguo au kuoshea vyombo, mradi hayana dawa ya kung'arisha nguo wala sabuni nyingi ya magadi, na yasimwagwe mahali pamoja kila siku.

Mahali pa kumwaga ni kuanzia nusu ya kivuli hadi nje kidogo ya pale matone ya mvua yadondokapo kutoka kwenye matawi. Inueni tuta dogo la udongo kulizunguka eneo hilo ili maji yasikimbie, ila msichimbe mtaro wenye kukata mizizi. Mwagilieni polepole, jioni au alfajiri. Siku ya pili chukueni chuma chembamba cha nondo mkisukume ardhini kwa mkono. Chuma huingia kwa urahisi penye unyevu, na hukwama kinapofika pakavu. Kikifika sentimita 45 au zaidi, maji yametosha. Kikikwama kwenye sentimita 10, mmelowesha vumbi tu.

Lakini njia iliyo bora si madumu, ni kuizuia mvua isiondoke. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Ghala lenye paa la mita 20 kwa 10 lina mita za mraba 200. Mvua moja ya milimita 10 hulipatia lita 2,000. Tukiondoa sehemu moja ya tano inayopotea, zinabaki lita 1,600, ambazo ni madumu 80. Mvua hiyo hiyo juu ya mti ambao kivuli chake kina nusu kipenyo cha mita 6 huangusha lita kama 1,130 tu. Kwa hiyo paa la ghala likiwekewa mfereji na maji yakaelekezwa kwenye tuta la mti, mti hupata zaidi ya mara mbili ya mvua yake. Leo maji hayo katika vyama vingi huporomoka kwenye msingi wa ghala, hula ukuta, huchimba korongo uani, kisha huteremka bondeni. Tunalipa fundi kwa ajili ya ukuta, huku mti wetu unakufa kwa kiu mita 12 kutoka hapo. Hakikisheni tu kwamba tuta lina mlango wa kutolea maji yakizidi, kwani mizizi iliyozama majini kwa siku nyingi nayo hukosa hewa.

Mvua za Aprili na Mei ndizo za kuweka akiba ya Juni na Julai. Mti uingie kiangazi udongo wake ukiwa umeshiba.

MATANDAZO

Kila mkulima wa kahawa ajua faida ya kutandaza nyasi shambani, lakini ua wa chama hufagiliwa mpaka udongo ung'ae. Usafi huo una gharama. Jua huupiga udongo mtupu, unyevu huondoka, na majani yaliyopaswa kuoza yawe mbolea huchomwa moto.

Tandazeni nyasi kavu, majani makavu ya mti wenyewe, au maganda makavu ya kahawa kutoka kiwandani, kwa unene wa sentimita 5 hadi 10, katika eneo lote la tuta. Maganda mabichi yaliyotoka kwenye mashine ya kumenya yaachwe yaoze kwanza. Matandazo yasiguse shina. Yaacheni umbali wa shibiri moja au zaidi, kwani gome lililofunikwa daima na unyevu huoza na kukaribisha mchwa. Tena msichukue masalio ya migomba kutoka shamba lenye ugonjwa wa mnyauko, ambao umeutaabisha mkoa wetu tangu katikati ya miaka ya 2000, wala mabaki ya mibuni iliyonyauka. Ua wa chama hukanyagwa na watu wa mashamba yote, na ugonjwa hupenda njia panda.

Kuhusu mbolea ya dukani, msiitie kabisa wakati wa ukame. Ni chumvi, na mti wenye kiu hauhitaji chumvi. Isitoshe huusukuma mti kutoa majani ambayo hauna maji ya kuyalisha.

KUPOGOA SI KUKATA KICHWA

Tawi lililokufa liondolewe wakati wowote, kwa kuwa ni hatari. Matawi mabichi yapogolewe kwa sababu maalumu tu, na kwa mti mzee ulio taabuni yasiguswe hata kidogo mpaka upate nguvu. Hata kwa mti wenye afya, msiondoe zaidi ya robo ya matawi yenye majani katika mwaka mmoja.

Tawi nene hukatwa kwa mikato mitatu. Mkato wa kwanza ni wa chini, hatua moja kutoka shinani, uingie theluthi ya unene. Wa pili ni wa juu, mbele kidogo ya ule wa kwanza, na hapo tawi huanguka bila kuchuna gome la shina. Wa tatu huondoa kisiki kilichobaki. Mahali tawi linapoungana na shina pana uvimbe kama pete. Kateni nje ya pete hiyo, msiiguse. Kwa pete hiyo mti hufunga kidonda chake wenyewe. Msipake rangi wala oili chafu, havisaidii kitu.

Huenda mtu akasema kwamba migrevilea ya mashambani hukatwa kichwa kwa ajili ya kuni na bado huishi. Ni kweli, lakini mti uliozoeshwa kukatwa tangu ujana, kwa zamu na katika majira ya mvua, si sawa na mti wa miaka 50 unaovuliwa majani yote kwa siku moja mwezi wa Julai. Huo wa pili unapoteza chakula, gome lake lililozoea kivuli huunguzwa na jua, na machipukizi yanayoota hushikamana na shina kwa juu juu tu, hivyo huvunjika yakinenepa. Ndivyo kilivyoanguka kigogo juu ya banda la mizani.

MAMBO YA KUKATAZWA UANI

Kamati iyaandike yafuatayo kama kanuni ya chama, na mlinzi aelezwe:

(a) Lori lisiegeshwe chini ya mti. Lipangiwe mahali pake na wekeni mawe ya mpaka.
(b) Moto wa takataka au wa kupikia usiwashwe karibu na shina.
(c) Ubao wa matangazo usipigiliwe misumari mtini. Usimikwe nguzo yake.
(d) Mbuzi na ng'ombe wasifungwe shinani.
(e) Gome la dawa lisichunwe kulizunguka shina. Utando hai ulio chini ya gome ndio njia ya chakula kwenda mizizini, na ukikatwa mzunguko mzima, mti hufa hata kama mvua ni tele.
(f) Bomba au msingi mpya ukipita karibu, mtaro uzungushwe mbali, au bomba lipitishwe chini ya mizizi kwa kutoboa.
(g) Saruji isimwagwe ndani ya eneo la kivuli. Panapohitajika kukauka, wekeni kokoto au mawe yenye nafasi.

JIBU KWA MABAWE

Nimefika chamani hapo, nikafanya vipimo pamoja na katibu na wajumbe wawili. Shina halikulia utupu, wala hapana uyoga. Matawi ya juu yamekufa kiasi cha mita moja na nusu kutoka nchani. Nyuma ya hapo tulikwangua tukakuta kijani katika pande tatu. Upande wa nne, unaoelekea lango, matawi ni makavu mpaka kwenye kigogo, na hapo ndipo malori husimama. Tulisukuma chuma upande huo, hakikuingia hata kwa kiasi cha kidole.

Maoni yangu ni kwamba mti huo usiuzwe kwa mchoma mkaa. Kigogo kilichokufa upande wa lango kiondolewe kwa mikato mitatu, na asikae mtu chini yake mpaka kitakapoondolewa. Lori lihamishiwe upande wa barabara. Mfereji wa paa uelekezwe kwenye tuta kabla mvua za masika hazijaisha. Udongo wa upande wa lango ulegezwe kwa uma taratibu, matandazo yawekwe, na kiangazi hiki wanachama walete madumu kwa zamu mara tatu. Kisha ngojeni misimu miwili ya mvua kabla ya kuamua tena. Siahidi kwamba upande wa lango utarudi. Kamati ikiona vingine, mkutano mkuu ndio wenye kauli, lakini wanachama waelezwe kwanza kwamba bei ya mkaa hulipwa mara moja.

Mwaka 1995 vyama vya ushirika duniani vilikubaliana juu ya misingi saba, na wa saba ni kuijali jamii inayokizunguka chama. Makatibu wengi huniuliza msingi huo huandikwa katika kitabu gani. Nawaomba waanze na daftari la mali. Orodhesheni miti mikubwa ya uani, aina yake, mzingo wake na hali yake, na kila mwaka mwezi wa Mei mpime tena. Nitakapokuja kukagua nitaomba kuiona orodha hiyo, na nitaikagua kwa makini kuliko nilivyoukagua ua ule mwaka 2015.

Wenu katika ushirika,
Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika, Ngara